Mama Mkwe wa Tairi Sita

Niliendesha lori la familia moja ya Malili kwa miaka mingi, na kama unataka kujua siri za nyumba ya watu, acha kuuliza majirani. Tafuta kazi kwao. Kampuni yenyewe ilikuwa Mzee, mkewe, mwana wao na malori matatu. Mzee alikuwa na mali na sauti. Mama alikaa kwenye kibanda cha mabati kando ya geti na simu zake mbili, akitafutia malori mizigo, na kusema kweli kila mzigo tuliobeba ulitoka kwenye kibanda kile. Mwana wao alikuwa fundi, mtu mzima mwenye watoto wake, ambaye siku nyingi ulimtambua kwa viatu tu, maana sehemu nyingine yote ilikuwa chini ya gari. Mimi nilipewa lori kuukuu kuliko yote, lenye tairi sita na kikohozi.

Mzee alipenda kupiga kelele. Wengine huamka wakasali, yeye aliamka akagombana na malori. Langu likikataa kuwaka asubuhi, alilipiga teke tairi la mbele, akalitukana kwa Kiswahili, na akimaliza akarudia kwa Kikamba ili lisikie vizuri. Kisha akanigeukia mimi. Nami sikuzaliwa na mdomo wa kumeza maneno, kwa hiyo nilimjibu. Watu waliokuwa wakinywa chai kwenye kibanda cha ng'ambo waligeuza viti vyao watuangalie, na mwenye kibanda aliniambia siku moja kwamba nikiwa safarini chapati zake hubaki.

Mama, kwa upande wake, alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, na sote pale yadini tulilijua. Alitaka kumleta mama yake mzazi akae naye. Bibi huyo aliishi Nuu, peke yake, na kuku na mbuzi wachache, watoto wake wengine wakiwa wametawanyika mijini. Msimu mmoja wa ukame alianguka akitoka kuokota kuni, akalala pale chini mpaka jirani alipopita. Tangu siku hiyo Mama hakuwa mtu wa raha. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, alisimama kwanza ndipo akaishika.

Mzee hakuwa mchoyo, tusimsingizie. Alimpelekea bibi tanki la maji, godoro, taa ya sola, hata akamwajiri msichana wa kumsaidia. Lakini ukitaja kumleta Malili, alishika kichwa.

"Mama mkwe alale kwa boma yangu? Na nthoni itaenda wapi?"

Nthoni, kwetu Wakamba, ni ile aibu yenye heshima iliyo kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hasimami naye uso kwa uso. Hali chakula mbele yake. Jina lake halitamki, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi vijana wanakumbatiana na mama wakwe zao harusini na kupigwa picha, lakini Mzee alilelewa na watu wa zamani, na kwa jambo hilo hakuwa na mzaha. Dawa ya nthoni ipo, nayo ni mbuzi. Mkwe hupeleka mbuzi, wazee hukaa, nyama huliwa, na aibu inafunguliwa. Mzee hakuwahi kukataa kupeleka mbuzi huyo. Alisema tu kwamba mbuzi aliyemtengea bado ni mdogo.

"Huyo mbuzi amekuwa mdogo tangu tuoane," Mama aliniambia, akikata mboga kwa hasira.

Basi lori langu likahitaji rangi mpya, maana ukaguzi ulikuwa karibu na mabati ya mlango yalikuwa yanaonyesha mifupa. Mzee akamwita fundi wa rangi, akampa maagizo na matusi, kisha akaenda Migwani kumzika mtu wa rika lake. Kazi ilikwenda vizuri. Ilipofika jioni fundi akasimama mbele ya lori na brashi yake ndogo, akauliza aandike nini pale juu ya kioo. Huku kwetu lori bila neno kwenye paji la uso ni kama mtoto asiye na jina. Mama akatoka kibandani, akajifunga leso vizuri, akamwambia aandike jina la mama yake.

Nilikuwepo. Ngazi ya fundi ilikuwa inatikisika, nikamshikia.

Jina hilo sitaliandika hapa. Baada ya yote yaliyotokea, hata mimi nalionea haya.

Mzee alirudi kesho yake kwa miguu kutoka stejini, koti begani, akija huku akisoma. Alipofika kwenye geti miguu ilisimama. Akavua kofia. Akaangalia kushoto na kulia akitafuta kichaka, na kwa kuwa yadi yetu haina hata mchongoma, akaingia nyuma ya tanki la maji.

"Nani ameandika hiyo kitu?" akauliza kutoka huko.

"Kitu gani, Baba?" Mama akajibu kutoka kibandani, bila kuinua macho.

"Hiyo! Hapo juu!"

"Si usome nisikie. Mimi sijabeba miwani."

Hakuweza kusoma. Angewezaje, na jina halitamkwi?  Mwana wao alitoka chini ya gari, akaliangalia lile jina, akarudi chini haraka, na nikasikia spana ikianguka kwa kicheko. Kwake yeye huyo hakuwa mkwe. Alikuwa susu, nyanya yake, na mjukuu kwetu ana ruhusa ya kumtania nyanya yake mpaka mwisho.

"Kijana, chukua rangi ufute," Mzee akamwamuru.

"Nifute susu yangu? Aiya! Futa wewe, Baba."

"Mimi? Unataka nimpake mama mkwe rangi kwa uso?"

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi Mama alivyomfunga. Jina halikuweza kukaa wala kutoka. Mchana kutwa nilifanya kazi nikiwa nimeuma mdomo nisicheke.

Kuanzia siku hiyo maisha yangu yalinyooka. Lori likikataa kuwaka, Mzee alisimama mbali, mgongo ukiwa umetugeukia, mikono nyuma, akimeza. Teke halikupigwa tena. Matusi yalikufa. Mama mkwe hatukanwi, na mtu aliye ndani ya mama mkwe hatukanwi pia, kwa hiyo nilijifunza kuwa ndani kila nilipokosea. Nikichelewa kutoka mji wa Wote, nilikaa kebini na kufungua redio. Mzee alizunguka kwa mbali kama jogoo aliyenyeshewa, akisubiri nishuke, nami sikushuka.

Kitu kikihitajika kusemwa, alitumia mtu wa kati.

"Mwambie dereva amwambie huyo mama apunguze moshi."

Matengenezo ndiyo yalikuwa sherehe. Zamani Mzee mwenyewe alikuwa akilala chini ya lori na tochi kukagua kazi ya mwanawe. Sasa kulala chini ya lile langu kulikuwa hakusemeki. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakuwa na habari ya mvungu wa mama mkwe. Siku gia ilipovuja mafuta, alisimama upande wa pili wa ukuta akimwelekeza mwanawe kwa kubahatisha, na mwanawe akawa anamjibu kwa sauti kubwa, "Baba, susu anavuja hapa katikati, nimshike wapi?" Mzee aliondoka akaenda mpaka barabara kuu kupunga hewa.

Hata mizigo ilichaguliwa. Samadi akakataa isipandishwe. Mchanga alikubali kwa shida. Mbuzi alikubali, kisha alipowaona wakikojoa ndani, akajuta. Na akikutana nasi njiani akiwa na pikapu yake, aliiteremsha kutoka kwenye lami mpaka vichakani, akavua kofia na kusubiri tupite. Nilimpigia honi kila mara. Heshima si utumwa, lakini utamu wake kwa anayeheshimiwa haukufichika, na mimi nilikuwa nimekaa katikati ya utamu huo.

Ila Mama hakuwa anacheka sana. Jioni moja nilimkuta kibandani ameshika simu iliyokuwa imekatika. Msichana wa Nuu ameolewa, ameondoka, na bibi amebaki peke yake tena.

"Nilifikiri Mzee akiishi na jina, atazoea mwenyewe," akaniambia. "Naona anazoea kukimbia tu. Na mama yangu hana miaka ya kungoja."

Nilimhurumia, nikakionea haya kicheko changu cha miezi yote.

Mzee naye akaamua kujiokoa. Akatafuta mnunuzi. Alikuja mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa kaskazini-mashariki, mtu mtulivu mwenye kanzu safi, aliyetaka lori la kubebea mbuzi na ng'ombe. Akakaribishwa chai. Akazunguka lori, akagonga mbao, akasikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi moyo wangu ulikuwa umeshuka hadi kwenye viatu, kwa sababu lori likienda na mimi nakwenda, na Mama hata hilo jina lake atakuwa amenyang'anywa.

"Na hili jina ni la nani?" mgeni akauliza, akionyesha juu.

Mzee akaangalia ardhi. "Ni... ni la mtu."

"Mtu gani? Nisije nikanunua lori lenye kesi."

"Ni mama yangu mzazi," Mama akasema, akimwongezea chai. "Huyu ni mkwe wake."

Mgeni akaweka kikombe chini. Akamtazama Mzee, akatazama lori, akamtazama Mzee tena.

"Mzee wangu, unaniuzia mama mkwe? Wallahi, mimi niko na wangu, na huyo mmoja ananitosha. Hata kwetu mama mkwe ni wa kuheshimiwa. Mimi sinunui hii."

Akacheka mpaka machozi, akamaliza chai, akaomba mandazi ya njiani na kwenda zake. Mzee hakutafuta mnunuzi mwingine. Habari zilikuwa zimetembea, na kwenye kibanda cha chai walikuwa wameanza kumuuliza kama ameshapata bei ya shemeji pia.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimetoka Kitui na uchovu, nikajilaza kwenye kiti kirefu nyuma ya usukani, pazia likiwa limefungwa. Ilikuwa saa ile ya alasiri ambapo yadi hunyamaza kwa joto. Nikasikia hatua. Nikachungulia kupitia upenyo wa pazia, nikamwona Mzee amesimama karibu na mlango, amelipa lori mgongo, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kunivizia. Kumbe hakujua kama niko.

"Umefika salama, mwaitu?" akasema.

Mwaitu ndilo neno tunalomwitia mama.  Akakaa kimya kidogo, kama anayengoja jibu, kisha akaendelea kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Usinione nimekukataa. Mimi sikukatai. Lakini mimi ni mtu wa kelele, mwaitu. Wote wananijua. Nikikuleta hapa utanisikia kila asubuhi, na utasema, kumbe msichana wangu nilimpa mtu wa aina hii. Huko Nuu bado unafikiri mimi ni mtu mzuri. Hiyo ndiyo naogopa."

Akavaa kofia, akaenda zake. Mimi nilibaki nimelala vilevile, macho kwenye dari la kebini. Nilikuwa nimemcheka mtu huyu kwa karibu mwaka mzima, na yote nimeyacheka kwa haki, lakini hilo halikuchekesha. Nikashuka upande wa pili nikaenda moja kwa moja kibandani, nikamweleza Mama neno kwa neno. Siri ya namna hiyo haifai kukaa kwa dereva.

 Mama akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akachukua simu.

"Kesho kuna magunia ya ndengu ya kubeba kutoka Nuu," akasema.

"Sijasikia ndengu."

"Umesikia sasa."

Tuliondoka alfajiri, Mzee akijua tunafuata ndengu tu, tukapitia Machakos na Kitui, tukaiacha Migwani, tukafika Mwingi, na kutoka hapo tukaingia vumbi la Nuu. Bibi tulimkuta mlangoni, mdogo wa mwili, fimbo mkononi, macho bado makali. Mama alimwonyesha jina. Akalizunguka lori lote polepole, akilikagua kama mtu anayekagua mwili wake mwenyewe, akasimama nyuma, akagusa tairi kwa fimbo.

"Hili limeisha. Hivi ndivyo mnanitembeza?"

Nikajitetea. Hakunijibu. Mama akamketisha chini wakaongea wawili, muda mrefu, na nikaona bibi akicheka, kisha akinyamaza, kisha akijipangusa uso. Baadaye akainuka mwenyewe, akafunga kuku wawili kwa kamba, mbuzi akamwachia jirani, akaniambia nimpandishe. Ndengu hazikuwepo. Tulipandisha kitanda, kigoda na sufuria mbili.

Njia nzima nilimwongelesha, maana mimi hupenda kuongea nikiendesha. Nilimweleza kuhusu breki, kuhusu kaunti, kuhusu bei ya mafuta. Alitazama mbele tu. Nilidhani anaringa, mpaka Mama aliponicheka kutoka dirishani.

"Unaongea na sikio la kulia. Hilo lilikufa zamani. Umesumbuka kutoka Nuu."

Karibu na Malili, Mama aliniambia nisimame barabarani. Akashuka aingie buchari. Alisema akiwepo, Mzee atapata mtu wa kugombana naye, na akigombana hatasema neno lolote la maana. Bibi akabaki kebini, kuku miguuni pake, pazia limefungwa kuzuia jua.

Niliingia getini, na Mzee, kwa mazoea, akapotelea nyuma ya tanki. Nikazima injini. Nikashuka, nikafanya kama ninavyofanya kila siku, nikaelekea kibanda cha chai, lakini nilipofika nyuma ya lori nikajibanza kwenye tairi lililoisha. Mwana wao alitoa kichwa chini ya lori la pembeni. Nikaweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

Mzee akatoka. Akaangalia huku na huku, akaona hakuna mtu. Akalikaribia lori kinyumenyume, akavua kofia.

"Umefika salama, mwaitu? Barabara ya Nuu ni mbaya."

"Nimefika, mwanangu," bibi akajibu kutoka ndani. "Barabara ni mbaya kweli. Lakini dereva wako ni mbaya zaidi."

Mzee hakukimbia. Nadhani alitaka, maana mguu mmoja uliinuka, lakini hapakuwa na mahali pa kuupeleka. Alibaki vile, mgongo kwa lori, kofia kifuani.

"Nimeambiwa uko na kelele," bibi akaendelea.

"Niko nayo, mwaitu," Mzee akasema.

"Piga tu. Mimi niko na sikio moja lilikufa. Hilo ndilo nitakuwa nakuwekea wewe."

Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa analia, na mimi pale nyuma ya tairi nilikuwa nalia pia, na mwana wao alikuwa amerudisha kichwa chini ya gari ili tusimwone.  Kuku mmoja akalalamika ndani ya kebini.

Kisha Mzee akaniita. Kumbe alikuwa amenisikia nikilia. Aliniita kwa kunong'ona, mara ya kwanza tangu nimjue, kwamba nilete ngazi bibi ashuke, na nisithubutu kumtikisa. Yeye mwenyewe akaanza kuelekea nyuma ya tanki, ili bibi apite.

"Mkwe," bibi akamwita, "na yule mbuzi?"

Mzee akasimama, bila kugeuka.

"Amekua, mwaitu," akasema. "Leo amekua."

Mwana wao akatambaa kutoka chini ya gari, akaenda kutafuta kamba.